Mama hakuwa akilia: uchambuzi wa kisa cha macho, kisukari na dosetakseli

Muuguzi alikuwa ameshamwekea kanula alipomwona mama anajifuta shavu. Akamshika bega.

"Usilie, mama. Tuko pamoja."

Mama akacheka kidogo. "Silii, mwanangu. Ni macho tu. Yanachuruzika yenyewe, siku ya nne sasa."

Muuguzi akamletea tishu, dripu ikaanza. Kwenye faili siku hiyo hakuna aliyeandika neno kuhusu macho. Ilikuwa wiki ya tano ya matibabu.

Mgonjwa ninayemweleza hapa si mtu mmoja. Nimemuunda kutokana na mambo yanayojirudia kliniki na katika ripoti za kitabibu, ili mlolongo ufuatike bila kumfichua yeyote. Ana miaka 58. Ana kisukari cha aina ya pili kwa miaka 11, anatumia metformini, na HbA1c yake, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu, kabla ya tiba ilikuwa 7.4%. Ana saratani ya titi iliyofika kwenye mifupa. Alipangiwa dosetakseli, dawa ya saratani ya dripu, kwa dozi ndogo ya kila wiki, wiki tatu mfululizo kisha moja ya kupumzika, pamoja na vidonge vya deksamethasoni, ambayo ni steroidi, usiku wa kuamkia dripu na asubuhi yake, ili mwili usipambane na dawa wala usijae maji. Picha yake ya mwisho ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ilikuwa ya miezi 14 nyuma: vivimbe vidogo vichache kwenye kuta za mishipa ya damu, alama ambayo kisukari cha muda mrefu huwaachia wengi, na hakuna zaidi. Kabla ya dripu ya kwanza hakupimwa macho.

Malalamiko yake ya macho yalikuwa matatu, yalikuja kwa nyakati tatu, na yalikuwa na sababu tatu. Kwenye barua za rufaa yote yaliandikwa kwa maneno mawili: "macho, kisukari."

Nianze na machozi, kwa sababu ndiyo yaliyoharibu kitu kisichorudi.

Njia ya kutolea machozi ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani. Simama mbele ya kioo, vuta kidogo kope ya chini upande wa puani, utaona kitundu kama kilichochomwa na ncha ya pini. Kipenyo chake ni kama theluthi ya milimita. Kope ya juu nayo ina chake. Kila kitundu kinaingia kwenye kifereji chenye urefu wa milimita 10 hivi, vifereji viwili vinamwaga kwenye kifuko cha machozi, na kutoka kwenye kifuko mfereji mpana zaidi unashuka hadi ndani ya pua. Ndiyo maana anayelia hupenga kamasi. Kitundu au kifereji kikivimba hata kidogo, maji hayana pa kwenda ila shavuni.

Dosetakseli hutoka na machozi. Dawa hii iliidhinishwa Marekani mwaka 1996, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 daktari wa macho Bita Esmaeli na wenzake wa MD Anderson Cancer Center, Houston, wakaanza kuchapisha habari za wagonjwa ambao vifereji vyao vya machozi vilikuwa vimeminywa au kufungwa kabisa wakiwa kwenye tiba hii. Baadaye wakaonyesha kwamba dawa yenyewe inapatikana ndani ya machozi baada ya dripu. Mlolongo wake si mgumu kuufuata: machozi yenye dawa yanapita kwenye utando laini wa kifereji, utando unavimba, ukivimba pande mbili zinagusana, na zikigusana muda mrefu zinaota kovu linaloziunganisha. Wanaopata dawa kila wiki huathirika zaidi kuliko wanaoipata kila baada ya wiki tatu. Dozi ya kila wiki ni ndogo, na mara nyingi huchaguliwa ili chembe za damu za mgonjwa zisishuke sana. Kumbe utando wa kifereji haujali sana ukubwa wa dozi kama unavyojali kupewa nafasi ya kupona kati ya dripu na dripu.

Wiki ya sita daktari wa zamu aliandika "mzio" akampa matone ya kuzuia mwasho. Mama hakuwa na mwasho. Wiki ya kumi mwingine akaandika "jicho kavu" akampa machozi ya bandia. Sitaki kumcheka huyu wa pili, maana hoja yake ni ya kweli: jicho kavu linaweza kuchochewa likamwaga machozi mengi ghafla, hasa kwenye upepo au mtu akisoma, na dawa nyingi za saratani hukausha macho. Lakini machozi ya jicho kavu huja na kuondoka. Ya mama yalikuwepo asubuhi, mchana, ndani ya nyumba, akiwa amekaa tu, na asubuhi kope zilikuwa zimegandana. Kumwongezea matone ilikuwa sawa na kumfungulia bomba mtu ambaye sinki lake limeziba.

Kipimo cha kutenganisha mambo haya mawili hakihitaji mashine. Unaweka tone la rangi ya fluoresini ndani ya kope ya chini ya kila jicho, unasubiri dakika tano, unamulika kwa taa ya buluu. Jicho linalopitisha machozi litakuwa limemeza karibu rangi yote. La mama wiki ya 14, alipofika hatimaye kwa daktari wa macho, lilikuwa na mstari wa kijani uliokoza ukingoni mwa kope, pande zote mbili, na upande wa kulia rangi ilikuwa imeanza kumwagikia shavuni. Tisa kati ya hizo wiki 14 alikuwa ameshalalamika.

Hapa nina neno na watu wa utafiti. Majaribio ya dawa za saratani hupima madhara kwa jedwali la CTCAE la Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Macho kutoa machozi yana mstari wake humo, na daraja la kwanza ni machozi ambayo hayahitaji tiba. Kwa kutapika au kuharisha mantiki hiyo inafaa: kidogo ni kidogo, subiri uone. Kwa kifereji kinachoota kovu haifai hata kidogo, kwa sababu siku ambayo mgonjwa yuko daraja la kwanza ndiyo siku ambayo bomba laini la silikoni, la kukishikilia kisizibe, bado linapita. Akishafika daraja la juu, ile nafasi imekwisha. Jedwali linaandika usumbufu wa leo, wakati tatizo lenyewe ni kovu la mwezi ujao. Tena mama hakulalamika kwa nguvu. Mtu mwenye saratani kwenye mifupa anaona haya kumwambia mtaalamu wake wa saratani kwamba anasumbuliwa na machozi, na asipoulizwa hasemi.

Daktari wa macho alisubiri chembe nyeupe na chembe sahani, zile za kugandisha damu, zipande kwenye wiki ya mapumziko, kisha akapima njia kwa kijiti chembamba cha chuma na maji ya chumvi. Kushoto kijiti kilipita kwa shida, kimekazwa kila upande, lakini kilipita. Bomba la silikoni likawekwa, ncha moja kitundu cha juu, nyingine cha chini, likabaki humo kuzuia kuta zisigusane. Kulia kilisimama milimita nne tu kutoka kitunduni, juu na chini. Kila kilipoguswa pale kilirudi kama kinachosukuma mpira. Ukuta wa mfupa ungegonga. Huu ulikuwa mlaini, maana yake ni kovu ndani ya kifereji chenyewe, kabla ya kifuko, na kovu la namna hiyo halifunguliwi kwa kusukuma. Matone ya steroidi yaliongezwa kushoto kwa muda mfupi, huku shinikizo la jicho na sukari vikiangaliwa.

Turudi wiki ya saba, kwenye lalamiko la pili, ambalo ni jepesi lakini lilimgharimu miwani.

Mama aliona ukungu wa mbali. Alienda kupimwa miwani siku moja baada ya dripu, akakutwa uwezo wa kuona mbali umeshuka kwa zaidi ya dayopta moja, kipimo cha nguvu ya miwani, pande zote mbili, akatengenezewa miwani mpya. Wiki ya mapumziko miwani ile ikamtia kizunguzungu, akarudi kwenye ya zamani, akaona vizuri. Dripu iliyofuata, ya zamani haifai, mpya inafaa. Akawa anatembea na zote mbili mkobani.

Deksamethasoni hupandisha sukari, na kwa mwenye kisukari huipandisha sana. Siku ile ya miwani, kipimo chake cha kidoleni jioni kilisoma milimoli 19 kwa lita. Sukari nyingi ikiingia kwenye lenzi ya jicho, sehemu yake hugeuzwa sorbitoli, sorbitoli hubaki ndani na kuvuta maji, lenzi inabadilika umbo na nguvu yake ya kupinda mwanga. Sukari ikitulia, lenzi hurudi taratibu, kwa siku au wiki. Retina haijaguswa. Sheria ya zamani ya wapima miwani, kwamba usimwandikie miwani mtu ambaye sukari yake inayumba, ingetosha kabisa, lakini mpimaji hakuambiwa kwamba kuna steroidi, wala mama hakujua kwamba vile vidonge vidogo vya kuamkia dripu vina jina hilo. Alidhani ni vya kichefuchefu.

Kwa hiyo lalamiko hili kweli lilikuwa la kisukari, kwa kusukumwa na dawa. Hapo kisukari kikapata sifa mbaya kliniki nzima, na lalamiko la tatu lilipokuja kila mtu alikuwa ameshajua jibu.

Wiki ya 20 mama alisema maneno mapya. Hakusema ukungu. Alisema herufi za katikati ya neno zinapotea, na mistari ya daftari inapinda. Hii ni lugha ya makula, kitovu cha retina tunachosomea. Kulia alisoma 6/18, kushoto 6/12 (jicho zima husoma 6/6), na miwani haikusaidia siku yoyote ya mzunguko. Mashine ya OCT, inayoonyesha tabaka za retina kama kurasa za kitabu kilichofungwa ukizitazama kwa ubavu, ilionyesha vifuko vya maji katikati ya makula pande zote mbili, na unene wa katikati ulikuwa mikroni 480 kulia na 430 kushoto. Wa kawaida huwa chini ya 300.

Barua ikaandikwa: uvimbe wa makula wa kisukari, aanzishiwe sindano za ndani ya jicho. Tarehe ikapangwa.

Kabla ya tarehe hiyo kufika, daktari wa retina aliweka picha ya zamani na picha mpya pamoja kwenye kioo kimoja. Nasisitiza kitendo hiki kwa sababu ndicho kilichogeuza kisa, na kilichukua kama dakika mbili. Vile vivimbe vya mishipa vilikuwa vilevile, karibu idadi ileile. Hakukuwa na madoa ya manjano ya mafuta yanayovuja kutoka kwenye mishipa mibovu, hakukuwa na damu mpya. Kisukari hakitoki kwenye vivimbe vichache hadi mikroni 480 bila kuacha nyayo, tena sawasawa macho yote mawili.

Kisha ikapigwa angiografia. Rangi ya fluoresini inaingizwa mshipani mkononi, picha za retina zinafuata kwa dakika kadhaa. Kwenye uvimbe wa kisukari rangi huvuja na kujaza vile vifuko. Kwa mama, vivimbe vya zamani vilivuja vitone vyake vidogo kama ilivyotarajiwa, mbali na katikati, lakini vifuko vya makula vilibaki vyeusi hadi mwisho. Maji yamo, na mishipa haijayamwaga. Picha hiyo, yaani OCT iliyojaa maji na angiografia iliyonyamaza, ni adimu sana kwenye macho, na taksani, familia ya dosetakseli na paklitakseli, ni miongoni mwa sababu zake chache. Nyingine ni niasini (vitamini B3) ya dozi kubwa, ambayo daktari wa retina J. Donald Gass aliieleza tangu 1973. Dhana inayotajwa sana ni kwamba dawa hudhuru seli za Müller, zile zinazopitisha maji ndani ya retina, hivyo maji yanakusanyika ndani bila mshipa wowote kupasuka.

Kulikuwa na washukiwa wengine, na ni haki kuwataja maana mmoja wao ni hatari. Saratani ya titi ndiyo inayoongoza kwa wanawake kupeleka mbegu zake kwenye koroidi, tabaka lililo nyuma ya retina, kwa hiyo mgonjwa yeyote wa saratani hiyo anayesema haoni vizuri lazima atazamwe nyuma ya jicho kwa mboni iliyopanuliwa, akitafutwa bonge la rangi ya maziwa lenye maji juu yake. Halikuwepo. Dawa za mifupa kama asidi ya zoledroniki huweza kuwasha moto ndani ya jicho, lakini jicho hilo huwa jekundu na linauma. Pioglitazoni, dawa ya kisukari, hujaza mwili maji na huweza kuvimbisha makula. Mama hakuwa akiitumia. Vifundo vya miguu yake vilikuwa vimevimba, na soksi zilikuwa zikiacha alama, jambo ambalo dosetakseli hulifanya kwa mwili mzima.

Sindano ya jicho ikafutwa. Ingekuwa imeelekezwa kwa mishipa isiyovuja, na ingemchoma jicho mtu ambaye chembe zake nyeupe huporomoka kila mwezi.

Lakini kufuta sindano ni rahisi. Kugusa dosetakseli ndiyo kazi, kwa sababu dawa hiyo ilikuwa imeusimamisha ugonjwa. Mtaalamu wa saratani aliuliza swali la haki: makula itaumia kabisa tukiendelea mizunguko miwili zaidi? Ripoti zilizopo ni za mgonjwa mmoja mmoja na makundi madogo. Zinaonyesha kwamba maji hukauka kwa wiki hadi miezi dawa ikisimamishwa, na kwamba wengi hurudisha uwezo wa kuona. Haziwezi kumwambia mtu mmoja ana wiki ngapi. Waliamua pamoja na mama kubadilisha. Paklitakseli ilikataliwa kwa kuwa ni ndugu wa damu. Kapesitabini ilikuwa kwenye meza, kisha daktari wa macho akakumbusha kwamba mwilini hugeuka kuwa fluorourasili, ambayo nayo hufika kwenye machozi na huweza kuminya vifereji, na mama alikuwa amebakiwa na upande mmoja tu wa kuulinda. Ikachaguliwa vinorelbini. Sijawahi kuona kifereji cha milimita 10 kikipewa kura katika uchaguzi wa dawa ya saratani, na nadhani hapa kilistahili.

Wiki sita baada ya dripu ya mwisho, kulia mikroni 350, kushoto 310. Wiki 12 baada ya dripu hiyo, 275 na 268. Kusoma kukarudi 6/9 na 6/7.5, mistari ya daftari ikanyooka. Bomba la silikoni liliachwa wiki kadhaa zaidi baada ya dosetakseli kuisha, kisha likatolewa, na njia ya kushoto ikabaki wazi.

Niliahidi nafsini mwangu nirudi kwenye ile siku ya kabla ya dripu ya kwanza. Zipo dawa mpya za saratani, belantamabu mafodotini ikiwa mfano ulio wazi, ambazo kupimwa macho kumefungwa ndani ya maelekezo ya matumizi: bila ripoti ya daktari wa macho, dozi haitoki. Ilifanyika hivyo kwa sababu dawa hiyo huharibu uso wa konea, kioo cha mbele cha jicho, kwa wagonjwa wengi kiasi kwamba haikuwezekana kunyamaza. Dosetakseli ni ya zamani, imeenea, na madhara yake ya macho yaligunduliwa ikiwa tayari mitaani, kwa hiyo hakuna mlango unaomsimamisha mtu. Hata karatasi moja ingesaidia. Baada ya kisa hiki kliniki ya mama iliongeza safu kwenye chati ya dripu: tarehe, dozi, steroidi, sukari ya jioni, macho. Kwenye safu ya macho muuguzi anauliza mambo mawili tu, kama machozi yanatoka akiwa hajalia, na kama maneno yanakatika katikati. Ukitazama chati ya mama iliyojazwa upya kwa kumbukumbu zake, ukungu wa mbali unapanda na kushuka na sukari, machozi yanapanda na idadi ya dripu bila kushuka, na kupotea kwa herufi kunaanza baada ya dripu ya 14. Mistari mitatu isiyofanana. Ilikuwa inaonekana muda wote, ila haikuwahi kuandikwa kwenye karatasi moja.

Jicho la kulia halikupona machozi. Kwa kifereji kilichofungwa namna ile tiba iliyobaki ni bomba la kioo la Jones, linalotobolewa njia mpya kutoka kwenye pembe ya jicho hadi puani, na linakaa humo maisha yote: linahitaji kusafishwa, kuna siku linahama, kuna siku mtu akipenga kamasi linachomoka. Daktari alimweleza yote hayo taratibu akamwachia aamue. Mama alimsikiliza huku amekunja tishu kwenye kiganja, akajifuta, akatabasamu.

"Daktari, hili la kushoto limepona, linanisomea vizuri. La kulia liacheni lilie."

Kwenye faili imeandikwa: mgonjwa ameahirisha upasuaji, aonwe tena baada ya miezi sita.